Dari ya Bafuni kwa Otilia

Tehuacán, 12 Januari 1989

Otilia mwanangu,

Sasa umepaka tena juu yake! Rangi inabanduka, wewe unapaka nyingine juu, halafu unaniandikia kwa mshangao kwamba na hiyo nayo imebanduka. Mtu ana upele, unamvalisha shati jipya, unasema kapona? Salamu nitakupa mwishoni karatasi ikibaki, maana hapa kwenye matao ya uwanja kuna watu watatu nyuma yangu wanamsubiri Don Eleuterio awaandikie, na mmoja ameshaanza kukohoa kile kikohozi cha kumfukuza mtu. Akohoe. Mimi nimeamka alfajiri kuwahi kiti hiki.

Nimemwambia Don Eleuterio agonge kwenye mashine yake kila neno litokalo kinywani mwangu, asinikatie. Mwezi uliopita nilimwandikia shemeji yangu, nikaongea mpaka koo likakauka, yeye akatoa mistari minne. Nikamwuliza, "Mengine umeyala?" Akanijibu, "Doña Chencha, nimechukua yaliyo ya maana." Ya maana! Mtu niliyezaa saba, niliyechoma chokaa miaka arobaini, yangu ya maana yatoshe mistari minne? Sasa anacheka. Cheka, lakini andika.

Haya, tuje kwenye bafu. Unasema kipande kilimwangukia Nabor kichwani akiwa ndani ya beseni lake, kipande kikubwa kama mkate wa tortila, na Maricruz akamnyakua mtoto na taulo akasema, "Kingine kikianguka, mimi na mwanangu tunahamia Xalapa." Na mwanao Fermín alikuwa mlangoni, hakujibu kitu. Mwanamume asiyemjibu mkewe ameshakubali. Kwa hiyo hapa si habari ya rangi, ni habari ya mjukuu, na mjukuu mwenyewe huna mwingine. Nimekuelewa. Usiandike tena kwamba "ni jambo dogo mama, nauliza tu."

Dari haibanduki bure. Kuna maji. Na swali ni moja: yanatoka juu au yanatoka chini? Ya juu ni mvua, au tangi lenu lina ufa. Ya chini ni mvuke wenu wenyewe mnaooga maji ya moto siku hizi kama kuku wa kunyonyolewa. Hayo mawili yanafanana kwa macho, ila dawa zake hazifanani hata kidogo, na ndiyo maana watu wanapoteza miaka wakitibu sikio kwa ugonjwa wa jino.

Fanya hivi. Kata kipande cha nailoni, ukubwa wa leso. Kausha dari mahali pabaya, ibandike hapo, gundi pande zote nne usiache tundu. Kaa siku mbili, mkioga kama kawaida. Halafu itazame. Matone yakiwa nyuma yake, kati ya nailoni na dari, maji yanashuka kutoka juu. Matone yakiwa usoni, huku kwenu, ni mvuke. Nailoni haina sababu ya kusema uongo.

Fermín apande juu ya paa pia, aoshe zege kwa sabuni ya kipande iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, kesho yake apitishe maji ya shabu, yale mawe ya kusafishia maji, kesho yake sabuni tena, mara tatu tatu. Hivyo ndivyo tulivyoziba mapaa ya nusu ya Coatepec mimi na marehemu mume wangu Filogonio kabla ya hizi ndoo za dawa ya paa za madukani. Hata kama halivuji, halitadhurika.

Na niambie: inabandukia wapi kwanza? Juu ya bomba la kuogea au pembeni? Mgongo wa kipande una rangi gani? Nitumie kimoja ndani ya bahasha. Na dirisha la bafuni, mnalifungua mkishaoga?

Karatasi imekwisha. Salamu basi, kwa wote, na mtoto mbusu kisigino.

Crescencia Olarte
(Msalaba wa sahihi ni wake. Yaliyosalia ni mkono wangu. Eleuterio.)

*

Coatepec, 24 Januari 1989

Mama yangu wa ubatizo, Mama Chencha,

Shikamoo. Sisi hatujambo, manyunyu hayajakatika tangu Krismasi, nguo hazikauki, lakini hatujambo.

Nimefanya ulivyosema. Fermín amepanda juu. Paa halina ufa, tangi halivuji. Sabuni na shabu amepitisha mara tatu kila moja, majirani wakamwuliza kama anaogesha nyumba.

Nailoni ilikaa siku mbili. Matone yalikuwa usoni, upande wetu. Nyuma pakavu kabisa. Maricruz alishika taa, tukatazama wote wawili, akasema, "Basi ni sisi wenyewe." Sikujua anamaanisha nini.

Inabandukia kwanza juu ya bomba, halafu inakwenda kwenye pembe ya dirishani. Kipande nimekifunga kwenye karatasi ya sigara, kisivunjike.

Kuhusu dirisha, dirisha lipo, mama, ni lile lile unalolijua.

Maricruz ameanza kuweka nguo za mtoto ndani ya katoni. Anasema anapanga kabati tu. Mimi sijamuuliza. Nakuomba dawa yoyote ile, hata ikiwa ngumu. Mikono ninayo.

Otilia Zárate

*

Tehuacán, 3 Februari 1989

Otilia,

Kipande kimefika salama, kuliko wewe ulivyofika siku ile ya kipaimara chako ukiwa na kiatu kimoja. Nimekitazama juani, nimekikwaruza kwa ukucha, halafu nikakilamba. Don Eleuterio kakunja uso. Jana kwenye sikukuu ya Candelaria amekula tamale kumi na moja za unga wa mahindi nyumbani kwa mwanangu bila kuuliza ndani mna nini, leo anaona kinyaa mimi kulamba chokaa niliyoipika mwenyewe.

Ndiyo, ni yangu! Ulimi haujasahau. Hiyo tabaka ya chini kabisa, huo unga mweupe uliong'ang'ania mgongoni mwa kipande, ni chokaa niliyoipaka mimi na Filogonio bafuni kwako ulipoolewa. Juu yake kuna bluu ya juzi na nyingine kama maziwa yaliyochacha. Na katikati, mwanangu, katikati kuna ngozi ya waridi inayong'aa. Hiyo ni rangi ya mafuta! Nani alipaka rangi ya mafuta juu ya chokaa? Usinijibu, najua. Ni marehemu mumeo, Rosendo, kwa ajili ya harusi ya Fermín, ili wageni wakienda kukojoa waone dari inawaka kama sinia. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya wageni alikuwa mpumbavu. Na si yeye peke yake. Kila nyumba ya kwetu harusi ikikaribia, mtu anachoma pesa kwenye kopo la mafuta.

Chokaa inapumua. Inavuta maji ikiwa na kiu, inayarudisha hewani ikishiba. Ukiifunika kwa mafuta umeifunga mdomo. Inavimba humo ndani, inageuka unga, na ile ngozi ya juu inakosa pa kushika, inaanguka na kila ulichokipaka juu yake. Ungepaka hata dhahabu, ingeanguka.

Kwa hiyo dawa: kwangua yote. Si pale palipobanduka tu, yote, mpaka uone lipu. Tumia kisu kipana cha mwashi, mkishachoka pumzikeni, msirukie pale palipong'ang'ania mkasema hapa pazima. Hapo ndipo patakapoanguka mwakani. Palipo na kuvu jeusi sugua kwa maji ya chokaa. Halafu acha pakauke kabisa.

Wakati panakauka, nunua chokaa hai, mawe, si ya mfuko. Izime uani, maji kidogo kidogo, simama upande upepo unakotoka, na Nabor asiwe karibu, inachemka kama jehanamu na jicho moja ukilipoteza huletewi lingine. Chukua majani mapana ya mpungate, huo huo mmea wa miiba tunaokula, yakate vipande, yalowe usiku mzima mpaka maji yavutike kama makamasi. Chuja. Hayo makamasi ndiyo gundi yako. Changanya na chokaa, tia chumvi ngumi moja. Iwe nyepesi kama maziwa; ukiona inafunika mara ya kwanza, umekosea, ni nzito. Lowanisha dari kwanza, paka, ngoja siku, lowanisha, paka, ngoja, mara ya tatu.

Na jambo hili Don Eleuterio analicheka, lakini liandike. Chokaa ni kama tamale, haivumilii hasira. Sufuria la tamale likigoma kuiva kwa sababu wenye nyumba wamegombana, tunafanya nini? Aliyekasirika anashika kingo za sketi anacheza mbele ya moto mpaka acheke. Basi wewe na Maricruz msizime chokaa mkiwa mmenuniana. Itakatika.

Lakini kuna kitu bado hakijanikaa sawa. Nailoni imesema ni mvuke, sawa. Bafu lako nalijua, dirisha lake mbuzi anapita. Mvuke wote huo unangoja nini ndani? Nilikuuliza, ukanijibu kwamba dirisha lipo. Najua lipo, halina miguu. Niliuliza mnalifungua?

Chencha
(Tamale zilikuwa tisa. Eleuterio.)

*

Coatepec, 2 Machi 1989

Doña Crescencia,

Hunijui vizuri, tulionana siku ya harusi yangu tu, ukaniambia nina kiuno cha kuzaa. Mimi ni Maricruz, mke wa Fermín. Mama mkwe hajui kwamba nakuandikia. Naomba Don Eleuterio akusomee pasipo na watu.

Tulikwangua siku sita. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, mama mkwe chini na ndoo, tukageuka weupe kama wafu. Siku ya kuzima chokaa alinisimamisha uani akasema tucheze kwanza. Nikadhani ananitania. Akashika sketi, miaka sitini yake, akazunguka mara mbili kwenye matope, nikacheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Nilisema moyoni, huyu mama naweza kuishi naye.

Dari ilitoka nzuri. Nyeupe isiyong'aa, kama ndani ya yai. Nilitoa nguo za Nabor kwenye katoni.

Wiki moja baadaye nilipitisha kidole, kikarudi na unga. Juzi imeanza kubanduka tena, vipande vidogo kama magamba ya samaki, na kwenye pembe kuvu limerudi. Jioni Fermín alikuja na habari ya chumba Xalapa, karibu na kazi yake. Tunahama baada ya Pasaka.

Sasa nakuambia lile ambalo mama mkwe hakuambii. Dirisha limefungwa. Si kufungwa kwa komeo, limezibwa. Siku niliyotoka kujifungua nililikuta lina ubao, juu ya ubao blanketi, juu ya blanketi picha ya Mtakatifu Ramón, mlinzi wa wajawazito, misumari kumi na minne. Nilifikiri ni kwa siku arobaini, kama kila mahali, hewa isimpate mama mzazi. Siku arobaini zikapita. Nikamwomba. Akasema mpaka mtoto atembee. Anasema hata Fermín alipozaliwa alilifunga hivyo, ila Fermín alikuwa akiogeshwa jikoni. Siku moja nilichukua nyundo, akaninyang'anya, akasema, "Atakayelifungua atamwua mtoto. Mama Chencha mwenyewe aliniambia."

Nikamwuliza Fermín. Anasema aliwahi kuwa na dada, Amparo, alikufa mchanga, na kwao jambo hilo haliulizwi.

Doña Crescencia, mimi sihami kwa ajili ya dari. Nahama kwa sababu ndani ya nyumba hii kuna kitu wote wanakizunguka kwa ncha za vidole, na mimi nalea mtoto gizani bila kukijua. Ulimwambia nini?

Maricruz

*

Tehuacán, 9 Machi 1989

Otilia mwanangu,

Don Eleuterio amekubali tufunge duka. Tumekaa nyuma, kwenye stoo ya binamu yake anayeuza mishumaa, hakuna anayesikia. Leo hachekeshi wala hachekwi.

Dari yako imeanza tena. Usitafute nani kaniambia. Aliyeniambia ana haki, na ukimkasirikia nitajua, nitakuja na fimbo kwa basi la kwanza.

Nianze na chokaa, maana hiyo naijua, hayo mengine yananitia woga. Chokaa haikauki kama nguo, Otilia. Nguo ikitoa maji imekauka, basi. Chokaa inapotoa maji ndiyo kwanza inaanza kuishi. Inavuta hewa, siku kwa siku, na hewa hiyo ndiyo inayoigeuza kuwa jiwe tena kama ilivyokuwa mlimani kabla hatujaichoma. Isipopata hewa inabaki unga milele, hata uifanyie nini. Wewe ulifanya yote sawa, ulikwangua, ulichuja, hata ulicheza. Lakini uliipaka ndani ya sanduku. Niliuliza dirisha mara mbili. Ningeuliza mara ya tatu ungenijibu kwamba lina vioo.

Sasa Amparo.

Unakumbuka alikuwa na joto siku tatu. Mkunga alikuwa amekwenda Teocelo kwa mwingine. Titi alikuwa amelikataa tangu usiku uliotangulia, na mimi nilipomgusa utosi asubuhi ile nilijua. Nimewagusa wengi. Sikukuambia, nikakutuma jikoni uchemshe maji, nikasema tutamwogesha joto lishuke. Wewe ulikuwa jikoni, mimi niko bafuni nimekaa kwenye kigoda, yeye juu ya mapaja yangu. Akavuta pumzi moja, akaacha. Hivyo tu. Hakulia.

Dirisha lilikuwa limefungwa, Otilia. Lilikuwa limefungwa na komeo lake, wewe mwenyewe ulilifunga asubuhi na ukaweka taulo kwenye nyufa, nililiona taulo kwa macho yangu.

Mimi ndiye niliyelifungua. Baadaye, alipokwisha kwenda. Nililifungua ili roho yake ipate pa kupita, kama alivyofanya mama yangu kwa wadogo zangu, kama tunavyofanya sote. Ndipo ukaingia na sufuria ya maji. Hukumtazama mtoto kwanza. Ulitazama dirisha. Ukaniuliza, "Ni hewa?" Nami nikasema, "Ndiyo, ni hewa."

Ningekuambia nini? Kwamba sijui? Ulikuwa na miaka ishirini na tano. Niliona mtu akiwa na kitu cha kulaumu anaweza kulala usingizi, na dirisha ni kitu, halina moyo, lilaumiwe. Nilidhani nimekupa mto wa kuegemea. Nikaenda zangu. Miaka thelathini na nne nikajisifu kimoyomoyo, nilimsaidia Otilia siku ile.

Jana barua ikasomwa, Don Eleuterio akafika kwenye misumari kumi na minne, nikamwambia, rudia. Akarudia. Ndipo nikauona ujinga wangu wote, kwenye uzee huu. Wewe hukulilaumu dirisha. Ulijilaumu wewe. Ulidhani ulisahau komeo. Ulidhani ulilifunga ovyo, likafunguka. Ni hivyo? Miaka yote hiyo ulikuwa ukienda kulikagua komeo ambalo hukulisahau?

Hukulisahau, mwanangu. Lilikuwa limefungwa. Amparo aliondoka kwa homa, na homa ilitoka asikojua mtu.

Niite jina lolote. Lakini ng'oa ubao. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya huyo msichana aliyekaa juu ya ngazi siku sita, na kwa huyo mtoto ambaye wiki tatu zijazo atakuwa akioga Xalapa kwenye bafu la mtu mwingine. Dirisha likishafunguliwa, kwangua yale magamba tu, lowanisha, paka mara moja nyepesi. Mkimaliza kuoga lifungueni, mtoto akishafunikwa. Mkaushe kwanza, mfunike, halafu fungua. Hewa haiui mtoto mkavu.

Sina salamu ya kutoa leo.

Crescencia
(Nimeandika kila neno. E.)

*

Coatepec, 21 Machi 1989

Doña Crescencia,

Barua yako ilifika Ijumaa. Mama mkwe aliisoma amesimama jikoni, maharage yakaungua, hakuyaona. Akaikunja, akaiweka chini ya kopo la kahawa. Akachukua nyundo, akaingia bafuni, akafunga mlango. Tulihesabu misumari, mimi na Fermín, tukiwa tumesimama ukumbini kama watoto. Wa kumi na nne ulichukua muda mrefu. Kisha tukasikia bawaba zikilia.

Aliketi humo mpaka jioni. Fermín aligonga akasema, "Mama?" Akajibu, "Niache, naona mlima." Kwa kweli kutoka pale mlima unaonekana, mimi nilikuwa sijui.

Asubuhi alinipa barua niisome. Akaniambia, "Na wewe uijue." Nikamkumbatia, akanyooka kama mti, lakini hakuondoka.

Tumepaka mara moja kama ulivyosema. Nitakuambia kidole kinasemaje.

Habari ya Xalapa haijaamuliwa. Fermín anasema kodi ameshaahidi. Mimi nimemwambia asubiri. Kuhusu wewe, mama mkwe hasemi neno. Nilimwuliza kama atakuandikia. Alitoka kwenda kulisha kuku, na kuku walikuwa wameshalishwa.

Maricruz

*

Tehuacán, 15 Aprili 1989

Otilia,

Pasaka imepita, Jumapili ya pili imepita, na posta haina kitu. Kila siku nakuja hapa, Don Eleuterio ananiona kutoka mbali anatikisa kichwa hata kabla sijafika, ili nisipande ngazi bure. Ana roho nzuri, mzee huyu. Usiandike hilo. Haya, liandike, mara moja moja ni vizuri.

Sikuombi unisamehe, nakuuliza habari ya dari. Hiyo naweza kuuliza. Kidole kinarudi na unga au kinarudi kisafi? Pale pembeni, kuvu? Ukiipiga kwa kifundo cha kidole inatoa sauti gani? Maana kuna sauti ya bovu kama papai lililoiva sana, na kuna sauti ya jiwe. Ni wiki nne sasa, ilitakiwa imeanza kushika. Silali nikifikiria. Mwanangu ananiambia, "Mama, ni dari ya watu wengine, nchi nyingine ya mawingu," nikamwambia wewe nyamaza, hujawahi kupika chokaa, wewe unauza redio.

Na unitukane tu. Niandikie hata "mbwa we" kwenye karatasi, Don Eleuterio atanisomea kwa sauti nzuri. Kunyamaza kwako ndiko kunakonimaliza. Filogonio alikuwa akininyamazia hivyo, siku tatu, nne, halafu anakuja kuuliza chumvi iko wapi kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi nilikuwa namwonyesha chumvi, sikumwuliza kitu, na ndivyo tulivyoishi, hata siku ile ya tanuru, ambayo sijakusimulia, tanuru lilipopasuka pale Zapotitlán na punda akiwa...

Nini? Don Eleuterio, kwa nini umeacha kugonga? Nani ananiita?

Sioni, jua liko machoni. Wako wawili? Mwenye mtoto mgongoni ni yule mdogo? Na huyo mwingine mbona ana kichwa cheupe, mzee? Si mvi? Ni chokaa?

Anasema nini? Andika, andika asemavyo, masikio yangu...

"We bibi! Umenitia kazi wewe! Nimetoka Coatepec na mikono inaniwasha, Fermín nimemwacha anakwangua jikoni mpaka kwenye lipu, anasema atahamaje na nyumba iko nusu! Utakaa hapo uongee na mashine au utashuka unipokee mtoto?"

Ni yeye. Ni sauti yake. Otilia!

Hapana, acha hivyo hivyo, haihitaji stempu. Nipe mkono nishuke ngazi. Naja! Naja, mwanangu, naja